Taa za jipsamu sebuleni: dalili, chanzo na namna ya kurekebisha

Dari ya jipsamu ikishapigwa skimu na rangi, makosa yote ya mpango wa taa hufungiwa humo humo. Baadaye hujitokeza kama ugonjwa wa taa: zinachezacheza, zinaungua mapema, zinawaka usiku wa manane bila mtu kuzigusa, au zinawaka zote na sebule ikabaki na giza. Mwenye nyumba ananunua taa nyingine, fundi anabadilisha, tatizo linarudi. Mwongozo huu unafuata kila dalili hadi kwenye chanzo chake, kwa sababu lawama nyingi zinazobebeshwa taa ni za waya, za swichi, au za mahali tundu lilipotobolewa.

Kabla ya kupanda ngazi, zima saketi breka ya taa, si swichi ya ukutani peke yake, kisha hakikisha kwa tesita au mita kwamba hakuna umeme. Kama nyumba ina inveta ya sola au jenereta, zima na huko pia. Umeme wa gridi kukatika hakumaanishi nyaya za darini hazina kitu. Kazi ya kufungua na kuunga nyaya ni ya fundi mwenye leseni, inayotolewa na mamlaka za udhibiti wa nishati, EWURA kwa Tanzania na EPRA kwa Kenya. Kupima sebule, kuchunguza dalili na kuseti programu ya simu unaweza kufanya mwenyewe.

Maswali matatu kabla ya kununua chochote

Ni taa moja inayosumbua au ni zote za swichi hiyo? Ikiwa ni moja, tatizo liko kwenye taa hiyo, draiva yake (kiboksi kinachoilisha LED umeme) au kiungo chake cha waya. Zikiwa zote, angalia swichi, dimma (swichi ya kupunguza mwanga), au umeme unaoingia.

Linatokea muda wote, au kuna kitu kingine kinachoambatana nalo: pangaboi likizunguka, mwanga ukipunguzwa, nyumba ikiwa kwenye inveta, mvua ikinyesha?

Na kama taa zinaendeshwa kwa simu: zinaitii swichi ya ukutani wakati simu imeshindwa? Zikiitii, umeme ni mzima na tatizo ni la mtandao. Zisipoitii swichi wala simu, achana na programu kwanza, tafuta mita.

"Taa ni nyingi lakini sebule bado ina giza"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na karibu kila mara jibu analopewa mwenye nyumba ni kuongeza taa. Fanya hesabu kwanza. Mwanga unaotoka kwenye taa hupimwa kwa lumeni, si kwa wati. Sebule ya mita 4 kwa 5 ina mita za mraba 20. Kwa kukaa, kuongea na kula, lumeni 100 hadi 200 zinazofika kwenye kila mita ya mraba zinatosha. Spotilaiti kumi za wati 3, kila moja lumeni 240 hivi, zinatoa lumeni 2,400. Kama asilimia 35 hupotea kwenye kuta, mapazia na fanicha, kwa hiyo kila mita ya mraba inabaki na kama lumeni 78. Hapo ni giza, hata kama dari imejaa matundu. Taa nane tu za wati 7, kila moja lumeni 560, zinakupa karibu 145 kwa kila mita ya mraba. Taa pungufu, mwanga karibu maradufu.

Hesabu ikiwa sawa na giza bado lipo, angalia pembe ya mwanga iliyoandikwa kwenye boksi. Taa ya nyuzi 24 kwenye dari ya mita 2.7 inachora duara la mita 1.15 hivi sakafuni. Ya nyuzi 36 inachora mita 1.75, na ya nyuzi 60 mita 3.1. Pembe nyembamba zinafaa kumulika picha au chungu cha maua. Ukizitumia kuangaza sebule nzima, unapata madoa ya mwanga sakafuni na giza katikati yake. Kama taa zako ni za aina ya GU10 ambazo balbu inachomoka, badilisha balbu peke yake uweke za nyuzi 60, dari haiguswi. Ndiyo maana ninapendelea GU10 kuliko taa zilizofungwa moja kwa moja na LED yake. Hizi za pili zikikosea pembe au rangi, unatupa taa nzima.

Chanzo cha tatu ni kuta. Jipsamu nyeupe juu na kuta za kahawia iliyokoza chini hufanya chumba kionekane kama kina paa la mwanga na shimo katikati, kwa sababu jicho hupima mwanga wa chumba kwa kuangalia kuta. Sogeza au elekeza baadhi ya taa zimulike ukuta. Umbali mzuri kutoka ukutani ni sentimita 60 hadi 80. Ukiweka taa sentimita 20 au 30 tu kutoka ukutani, unapata mapinde makali ya mwanga yanayoonyesha kila kosa la plasta.

"Mwanga unaumiza macho na nyuso zinaonekana zimechoka"

Taa imewekwa juu ya kichwa cha anayekaa kwenye sofa. Mwanga unaoshuka wima hutia kivuli chini ya nyusi, pua na kidevu. Mgeni akijiegemeza nyuma anatazama moja kwa moja ndani ya taa. Kama tundu limeshatobolewa, weka taa inayogeuzwa shingo uielekeze ukutani nyuma ya sofa, au taa ambayo LED yake imezama ndani zaidi ya ukingo. Vivyo hivyo kwa runinga: spotilaiti inayoonekana kama nukta kwenye kioo ni ile iliyo mbele ya skrini, upande wa watazamaji. Itengewe swichi yake ili izimwe wakati wa kutazama.

Suala la rangi lina kipimo chake, kelvini. Taa za 6500K, ile nyeupe ya kibuluu, zimejaa madukani na watu huzichukua wakidhani zina nguvu zaidi. Sebuleni usiku, 2700K au 3000K hupendeza zaidi. Taa mbili zenye maandishi sawa ya kelvini zikitofautiana rangi, zimetoka kwenye mizigo tofauti ya kiwanda. Nunua zote siku moja, za boksi la mzigo mmoja, na uongeze mbili za akiba.

"Mwanga unachezacheza"

Zima pangaboi kwanza. Likizimwa na mwanga ukatulia, taa zako ziko juu ya mapanga yake, na kila panga linalopita linakata mwanga. Pangaboi la kawaida lina kipenyo cha mita 1.2 hadi 1.4, kwa hiyo spotilaiti yoyote iliyo ndani ya duara hilo italeta kero hiyo milele, hata ukiweka taa ya bei ya juu namna gani. Dawa ni kuhamisha taa nje ya duara na kuziba tundu la zamani, au kuiondoa kabisa na kuimarisha zile za pembeni. Pwani, ambako pangaboi halizimwi, hili lingepaswa kuwa jambo la kwanza kuchorwa kwenye dari, kabla ya ua la jipsamu.

Pangaboi likiwa halihusiki, uliza kama kuna dimma. Boksi la taa lazima liseme kwamba taa inakubali kupunguzwa mwanga, lisiposema, haikubali. Ikiwa inakubali na bado inacheza, angalia kiwango cha chini cha dimma. Dimma za zamani zilitengenezwa kwa balbu za moto, na nyingi zinahitaji mzigo wa wati 40 au zaidi ili zitulie. Taa nne za wati 7 ni wati 28 tu. Tumia dimma iliyotengenezwa kwa ajili ya LED, ikiwezekana ya aina inayokata sehemu ya mwisho ya wimbi la umeme badala ya sehemu ya mwanzo. Taa nyingi za LED hutulia nayo, na mlio wa zzz hupungua au kwisha.

Zinacheza umeme wa gridi ukikatika na inveta ikishika kazi? Inveta za bei nafuu hazitoi wimbi laini, na draiva za LED pamoja na dimma hazilipendi wimbi hilo la ngazi ngazi. Dimma na swichi janja (zinazoamriwa kwa simu) zinaweza hata kuungua. Inveta ya wimbi laini ndiyo suluhisho la kweli.

Kuna nyumba zilizobadilisha balbu za halojeni za volti 12 zikaweka LED za volti 12 na kuacha transfoma ileile darini. Transfoma hiyo ilizoea mzigo wa wati 50 na sasa inapata wati 5. Inawaka, inakata, inawaka tena. Itolewe, iwekwe draiva ya LED.

Ikiwa ni taa moja tu, na hasa ikiwa inacheza mtu akitembea ghorofani au upepo ukivuma, kiungo cha waya kimelegea. Usikisubirishe. Kiungo kilicholegea hupata moto, na moto huo uko juu ya dari ambako hakuna anayeuona. Nyaya zilizosokotwa kwa mkono na kufungwa solotepu zitolewe, ziwekwe konekta ndani ya boksi.

"Nimezima, lakini taa zinabaki na mwanga hafifu"

LED inahitaji umeme kidogo sana ili iwake, kwa hiyo chochote kinachovuja kitaonekana. Cha kwanza kupima ni hiki: swichi inakata laivu (waya unaoleta umeme) au nyutro (waya unaokamilisha mzunguko wake)? Fundi apime kwa mita kati ya waya wa taa na ethi (waya wa ardhini) wakati swichi imezimwa. Mita ikisoma volti 230, swichi imefungwa kwenye nyutro na taa ina umeme muda wote. Mwanga hafifu hapo ndiyo bahati yako, kwa maana umekuonya. Mtu anayebadilisha taa akiamini swichi imezimwa anaweza kupigwa na umeme. Nyaya zibadilishwe siku hiyo hiyo.

Laivu ikiwa sawa, angalia kama swichi ina kitaa kidogo cha kuonyesha mahali ilipo gizani. Kitaa hicho hupitisha umeme kupitia taa zako. Ukikitoa, mwanga unakwisha. Sababu nyingine ni swichi za njia mbili (mbili zinazoendesha taa zilezile) zenye nyaya ndefu zilizolazwa sambamba, na swichi janja zisizotumia nyutro. Kwa hizo mbili, kapasita (kifaa kidogo kinachohifadhi umeme) maalumu ya taa za LED inayofungwa sambamba na taa moja ya mwisho huondoa tatizo.

"Zinaungua kila baada ya miezi michache"

Kinachokufa mara nyingi ni draiva, ile boksi ndogo ya plastiki iliyoning'inia nyuma ya taa, na kinachoiua ni joto. Ndani yake kuna kapasita, na kanuni inayofuatwa na mafundi wa elektroniki ni kwamba kila joto likipanda nyuzi 10 za Selsiasi, umri wa kapasita hupungua kwa nusu. Sasa fikiria nafasi iliyo kati ya jipsamu na bati saa nane mchana. Taa huzimwa mchana, lakini jioni saa kumi na mbili na nusu zinapowashwa, joto hilo halijatoka. Toboa matundu ya hewa pembeni mwa paa yenye wavu wa kuzuia panya na popo, usifunike taa kwa sufi ya kuzuia joto isipokuwa taa imeandikwa kwamba inaruhusu, na uchague taa yenye mgongo wa alumini badala ya plastiki tupu.

Zikiungua kadhaa kwa pamoja usiku mmoja, hapo lawama ni ya umeme uliopanda ghafla uliporudi. Kifaa cha kuzuia umeme unaopanda ghafla kwenye boksi kuu kinagharimu pesa, lakini kinalinda na friji na runinga pia.

"Saketi breka inaruka"

Ikiruka wakati wa mvua, maji yanaingia kwenye kiungo au draiva: tafuta doa la kahawia kwenye jipsamu na uanzie hapo. Ikiruka wakati wowote, hata usiku mkavu, panya wametafuna waya au parafujo la jipsamu limepita katikati yake. Ikiruka sekunde ileile ya kuwasha taa nyingi kwa pamoja na kisha kukaa vizuri, draiva zote zinavuta umeme mwingi kwa mkupuo mmoja wa kuanzia. Zigawe kwenye swichi mbili au tatu. Kamwe usiweke breka kubwa zaidi ili isiruke. Breka inalinda waya, na waya haujanenepa.

"Ukanda wa taa uliofichwa darini unafifia mwishoni"

Ukanda wa wati 14.4 kwa mita wenye urefu wa mita 5 unahitaji wati 72. Kwa volti 12 hiyo ni ampea 6 zinazopita kwenye shaba nyembamba kuliko karatasi ngumu, na volti zinapotea njiani. Kwa volti 24 ni ampea 3 tu. Kwa hiyo kwa sebule, ukanda wa volti 24. Kama wa volti 12 umeshabandikwa, pelekea umeme ncha zote mbili kutoka kwenye pawa saplai ileile. Pawa saplai iwe na akiba ya asilimia 20 juu ya mzigo: kwa wati 72, tafuta ya wati 90 hivi au zaidi, na uiweke mahali mkono unafika.

Ukanda unaobanduka na kuning'inia umeshindwa na joto na vumbi la jipsamu. Ubandike ndani ya reli ya alumini, siyo juu ya rangi. Nukta nukta zikionekana kwenye dari, ukanda uko karibu mno na dari. Acha nafasi ya sentimita 10 hadi 15.

"Swichi janja haikubali kufanya kazi, au taa zinapotea kwenye simu"

Nyumba zetu nyingi zimefungwa kwa mtindo wa Kiingereza: nyutro inaishia darini kwenye taa, na kwenye boksi la swichi zinashuka laivu na waya wa kuirudisha hadi kwenye taa tu. Swichi janja nyingi zinahitaji nyutro ili ziendelee kusikia mtandao hata taa zikiwa zimezimwa. Mtu ananunua, anafungua ukuta, anakuta nyaya mbili. Usikubali fundi achukue ethi aifanye nyutro. Hilo ni hatari kwa kila anayegusa kifaa cha chuma ndani ya nyumba. Njia safi ni kuweka moduli ndogo ya rilei (swichi inayowasha na kuzima kwa amri) juu ya dari, kwenye boksi ambalo laivu na nyutro zinakutana, na swichi ya kawaida ya ukutani ikawa ndiyo inayoiamuru. Mama mkwe akija anabonyeza ukutani kama alivyozoea, na wewe simu yako inaendelea kufanya kazi. Balbu janja chini ya swichi ya kawaida haiwezi hilo: mtu akizima ukutani, balbu imekufa na simu inaandika kwamba haipatikani.

Kifaa kikikataa kuunganishwa siku ya kwanza, simu yako huenda iko kwenye Wi-Fi ya gigahezi 5. Vifaa vingi vya namna hii vinajua 2.4 tu. Ingia kwenye ruta, tenganisha majina ya mitandao hiyo miwili, unganisha simu kwenye 2.4, jaribu tena.

Vikiunganika na kukatika kila siku, hesabu vifaa. Ruta ndogo uliyopewa na kampuni ya intaneti huchoka ikibeba taa ishirini juu ya simu na runinga za familia. Kwa taa nyingi ninashauri Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vya nyumbani usio Wi-Fi, ambayo ina kituo chake na kila kifaa chenye umeme wa kudumu hupokea na kupitisha ujumbe wa kingine. Nayo iko kwenye gigahezi 2.4, kwa hiyo weka ruta kwenye chaneli 1 na Zigbee kwenye chaneli 20 au 25 zisigongane. Kituo kikae mita moja au mbili mbali na ruta.

Bando likiisha na taa zikagoma kabisa, programu yako inapeleka kila amri ng'ambo kwenye seva na kuirudisha. Chagua mfumo unaofanya kazi ndani ya nyumba bila intaneti. Vifaa vyenye alama ya Matter, kiwango kilichotoka mwaka 2022, vimetengenezwa kuendeshwa hivyo.

"Zinawaka saa za ajabu"

Zikiwaka zote usiku wa manane mara tu umeme unaporudi, tafuta kwenye programu sehemu ya hali ya taa baada ya umeme kurudi, uchague zibaki zimezimwa au zirudie hali ya mwanzo.

Zikiwaka saa saba usiku badala ya saa moja jioni, ratiba imeandikwa 01:00. Saa moja jioni ni 19:00. Zikikosea kwa saa kadhaa kila siku, programu imewekwa ukanda wa saa wa nchi nyingine. Tanzania, Kenya na Uganda ni UTC+3. Na kwa kuwa huku jua huzama karibu wakati uleule mwaka mzima, tofauti ikiwa kama nusu saa tu, ratiba ya saa maalumu inatosha. Zikijizima wakati watu wamekaa, tafuta amri mbili zinazopingana: mara nyingi ratiba moja iko kwenye programu ya kifaa na nyingine kwenye programu ya kuamuru kwa sauti.

Kihisi mwendo kinachozima taa wakati familia inatazama taarifa ya habari hakijaharibika. Kinasoma joto la mwili linalosogea, na aliyetulia kwenye sofa hasogei. Katika joto la Dar la nyuzi 32, tofauti kati ya mwili na chumba ni ndogo, kwa hiyo hudhoofika zaidi. Kihisi cha rada kinamwona hata anayepumua tu, lakini kinaliona na pangaboi. Kielekeze pembeni, chini ya mapanga. Kwa maoni yangu, kihisi kinafaa korido na ngazi. Sebuleni swichi na ratiba vinatosha.

Kama dari bado iko wazi

Mkutanishe fundi wa jipsamu na fundi umeme kabla ya bodi ya kwanza kupigwa. Chora duara la pangaboi, sofa na runinga sakafuni kwa chaki, kisha mahali pa taa, na fremu za chuma zihamishwe zisikae juu ya matundu. Gawa taa makundi matatu: za jumla, za ukuta, na ukanda. Shusha nyutro hadi kila boksi la swichi, hata kama huna mpango wa swichi janja mwaka huu. Mita chache za waya sasa ni nafuu kuliko kupasua ukuta. Tumia bodi ya milimita 12 pale penye spotilaiti nzito, maana springi zake huipasua ya milimita 9. Acha mlango mdogo wa kufikia pawa saplai. Piga picha kila pembe ya dari ikiwa wazi, tepu ya kupimia ikionekana ndani ya picha, na nakala umpe fundi atakayekuja baadaye.